Majaribio ya Dawa kwa Binadamu Nchini Uganda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huzuka kila watafiti wanapokuja kuzungumza na wananchi, iwe Kisenyi, Masaka, Arua au kwenye makazi ya wakimbizi kama Nakivale. Mengine huulizwa hadharani mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Mengine huulizwa pembeni, kikao kikishavunjika, na hayo ya pembeni ndiyo mazito. Mkazo uko kwenye hatua za mwanzo za majaribio, maana ndizo zinazoeleweka vibaya zaidi. Watu wengi hudhani jaribio la dawa ni matibabu ya bure. Hatua ya kwanza si matibabu hata kidogo.

Jaribio la dawa ni nini hasa?

Ni utafiti unaofanywa kwa watu kwa kufuata mpango ulioandikwa na kuidhinishwa mapema, ili kujibu swali mahususi kuhusu dawa, chanjo au sindano fulani. Mpango huo huitwa itifaki. Ndani yake mmeandikwa nani anaruhusiwa kuingia na nani haruhusiwi, atapewa dozi gani, atatolewa damu siku zipi, na ni mambo gani yakitokea kazi inasimama.

Daktari wako akikubadilishia dawa ya presha kwa sababu ile ya kwanza ilikukohoza, huyo hafanyi jaribio, anakutibu. Anajiuliza kitu kimoja tu: nini kitamfaa mgonjwa huyu? Mtafiti yeye anafuata itifaki ili ajue nini kitawafaa watu watakaougua miaka ijayo. Anaweza kuwa mtu mwema sana, na wengi ni wema, lakini swali lake ni tofauti. Ukilishika hilo, mengine yote yatakunyookea.

Kabla ya kumfikia binadamu, dawa imepitia wapi?

Maabara kwanza, kwenye seli, kisha kwa wanyama. Kwa kawaida hutumika angalau aina mbili za wanyama, mmoja wa jamii ya panya na mwingine asiye wa jamii hiyo, kama mbwa au nyani. Wanaangalia ini, figo, moyo, damu, na kama dawa inaharibu mimba. Hapo hupatikana dozi kubwa kuliko zote ambayo haikumdhuru mnyama. Dozi hiyo hubadilishwa kwa hesabu ilingane na mwili wa binadamu, kisha hugawanywa kwa kumi au zaidi. Kinachobaki ndicho mtu wa kwanza anaanza nacho.

Hata hivyo mnyama si mtu. Machi 2006, katika Hospitali ya Northwick Park jijini London, vijana sita wenye afya walipewa dawa iliyoitwa TGN1412, iliyokusudiwa kurekebisha kinga ya mwili. Dozi yao ilikuwa ndogo mara 500 kuliko ile ambayo nyani waliivumilia bila shida. Ndani ya saa chache wote sita walikuwa hoi, viungo vya ndani vikianza kugoma. Walinusurika wote, baada ya kulazwa chumba cha wagonjwa mahututi. Kosa mojawapo lililoonekana baadaye ni kwamba walidungwa kwa kufuatana, dakika chache tu kati ya mmoja na mwenzake, kwa hiyo yule wa kwanza alipoanza kuumwa, wengine walikuwa wameshapokea.

Taratibu zilibadilika. Siku hizi dawa mpya kabisa hupewa mtu mmoja kwanza, wengine wakisubiri. Kwa dawa zinazogusa kinga ya mwili, hesabu ya dozi ya mwanzo huanzia kwenye kiasi kidogo kabisa kinachotarajiwa kuleta badiliko lolote mwilini, badala ya kiasi ambacho mnyama alikivumilia.

Awamu ni ngapi, na kila moja inatafuta nini?

Nne. Awamu ya kwanza huwa na watu wachache, kwa kawaida kati ya 20 na 100, na inauliza: je, mwili unaivumilia dawa hii, na mwili unaifanya nini? Awamu ya pili huingiza mamia kadhaa, mara nyingi wagonjwa wenyewe, kutazama dalili za kwanza kwamba dawa inafanya kazi na kuchagua dozi. Ya tatu ndiyo kubwa, mamia hadi maelfu, na inailinganisha dawa mpya na ile iliyozoeleka au na plasebo, yaani kitu kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani yake. Ya nne huja dawa ikiwa tayari sokoni.

Dawa nyingi hukwama njiani. Kwa makadirio ya Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, karibu asilimia 70 ya dawa huvuka awamu ya kwanza, lakini ni theluthi moja tu ya zile zilizobaki zinazovuka ya pili, na robo au zaidi kidogo zinazovuka ya tatu. Zidisha mwenyewe: katika dawa 100 zinazoanza kwa binadamu, hazifiki kumi zinazomaliza safari. Awamu ya pili ndiyo kaburi la dawa nyingi.

Siku ya kupewa dawa katika awamu ya kwanza inakuwaje?

Chukua mfano wa jaribio la kidonge. Umelala kituoni, hujala tangu saa nne usiku. Alfajiri nesi anakuwekea kanula, kijibomba kidogo kinachobaki kwenye mshipa wa mkono, ili usichomwe sindano upya kila saa. Anatoa damu ya kwanza kabla hujameza chochote. Halafu unapewa kidonge na maji yaliyopimwa, kama mililita 240, na ukishameza unaambiwa ufungue mdomo, uinue ulimi. Wengine huona hilo ni dharau. Si dharau, mtu mmoja akificha kidonge shavuni, hesabu ya kundi zima inaharibika.

Baada ya hapo saa ndiyo bosi. Damu nusu saa baada ya dozi, saa moja, mbili, nne, sita, nane, kumi na mbili, na kesho yake tena. Kila kijichupa chenye kifuniko cha zambarau kinapinduliwa taratibu ili damu isigande, kinaandikwa dakika halisi iliyotolewa (siyo iliyopangwa, iliyotolewa), kinazungushwa kwenye mashine hadi majimaji ya manjano yajitenge juu, na majimaji hayo yanawekwa kwenye friza la nyuzi 80 chini ya sifuri. Katikati ya yote hayo unapimwa presha na mapigo ya moyo, na unaulizwa swali lile lile mpaka ulichoke: unajisikiaje?

Chakula huja saa chache baadaye, na wote mnakula sawa. Pombe hapana. Mairungi hapana. Mitishamba hapana, hata ile ya bibi. Balungi nalo marufuku, na hili huwashangaza watu: tunda hilo hukizuia kimeng'enya cha kwenye utumbo kinachovunja dawa nyingi, kwa hiyo anayelila anaweza kujikuta na dawa nyingi mwilini kuliko alivyopewa.

Matokeo yake ni mchoro. Dawa inapanda kwenye damu, inafika kileleni, inashuka. Wanachotafuta ni muda unaochukua nusu yake kuondoka. Ikiondoka haraka, huenda ikabidi imezwe mara mbili au tatu kwa siku. Ikikawia, mara moja inatosha. Ukiona leo pakiti imeandikwa "kidonge kimoja kila siku", ujue kuna watu waliokaa na kanula mkononi mpaka hilo likajulikana.

Dozi inapandishwaje?

Kwa vikundi. Mpangilio wa kawaida ni kikundi cha watu wanane: sita wanapata dawa, wawili plasebo. Wawili hutangulia, mmoja wa dawa na mmoja wa plasebo, wengine wakifuata baada ya siku moja au zaidi. Kikundi kikimaliza, kamati ya usalama inakaa na majibu ya damu, na ndipo inaamua: panda, rudia, au acha. Kwanza hujaribiwa dozi moja moja, halafu dozi za siku mfululizo.

Kwa saratani hali ni nyingine. Dawa zake nyingi ni kali mno kumpa mtu mzima wa afya, kwa hiyo hata awamu ya kwanza hufanywa kwa wagonjwa, mara nyingi wale ambao matibabu ya kawaida yameshindwa. Utaratibu wa zamani, ambao bado unatumika sana, ni wa watu watatu watatu. Kama hakuna aliyepata madhara makubwa, wanapanda. Akipata mmoja, wanaongezwa watatu kwenye dozi ile ile. Wakifika wawili, dozi hiyo imevuka mpaka na wanarudi chini.

Nikiingia awamu ya kwanza, nitapona?

Usiingie kwa sababu hiyo. Kama wewe ni mzima, hakuna cha kuponya. Kama ni mgonjwa, huenda ukapata nafuu na huenda usipate, na huenda ukawa kwenye kikundi cha dozi ndogo isiyofanya chochote. Akija mtu kwenu akasema "hii itakuponya" kuhusu dawa ya awamu ya kwanza, huyo ama hajui kazi yake ama anajua na anakudanganya.

Majaribio ya mwanzo yamewahi kufanyika Uganda, au sisi huletewa ya mwisho tu?

Yamefanyika, na kwa muda mrefu. Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Entebbe ilianza mwaka 1936 kama kituo cha homa ya manjano, kwa hiyo nchi hii haikuanza sayansi jana. Jaribio la kwanza la chanjo ya VVU katika Afrika nzima lilianza Kampala mwaka 1999 katika Kituo cha Pamoja cha Utafiti wa Kitabibu, JCRC. Walijitolea watu 40 wasio na virusi: 20 walipata chanjo yenyewe, 10 chanjo ya kichaa cha mbwa iliyotengenezwa kwa namna hiyo hiyo, na 10 maji ya chumvi. Uvumi ulikuwa mwingi kwamba watu wanadungwa UKIMWI. Chanjo ile haikuwa na virusi hai vya UKIMWI ndani yake, ilikuwa na vipande tu vilivyobebwa na kirusi cha ndege. Haikufika madukani, lakini ilionyesha kwamba kazi ya aina hiyo inaweza kufanyika hapa.

Miaka kumi baadaye, Mradi wa Makerere na Walter Reed, ushirika wa Chuo Kikuu cha Makerere na taasisi ya utafiti ya jeshi la Marekani, ulijaribu Kampala chanjo za Ebola na Marburg kwa watu wazima 108, miaka kadhaa kabla ya mlipuko mkubwa wa Afrika Magharibi kuiamsha dunia. Wakati wa korona, watu 42 wa Masaka walishiriki jaribio la awamu ya kwanza la chanjo ya RNA, yaani maelekezo ya kijenetiki, inayojizidisha yenyewe mwilini.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Februari 2025. Serikali ilitangaza mlipuko wa Ebola aina ya Sudan tarehe 30 Januari, nesi mmoja wa Kampala akiwa ameshafariki. Tarehe 3 Februari, siku nne tu baadaye, watu waliokutana na mgonjwa walianza kuchanjwa katika jaribio lililopewa jina Tokomeza SVD. Hakuna hatua iliyorukwa. Mwaka 2022, mlipuko uliotokea Mubende ulikwisha kabla dozi za chanjo hazijawahi kutumika, kwa sababu zilifika ugonjwa ukiwa unazimika. Baada ya hapo itifaki iliandikwa na dozi zikatunzwa, kazi ikabaki kusubiri siku mbaya. Kasi ile ilitokana na karatasi zilizoandaliwa wakati wa amani.

Kwa nini watujaribie sisi Waafrika? Wakajaribu kwao.

Swali hili linastahili heshima. Shaka haikutoka hewani. Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, watafiti wa serikali waliwaangalia wanaume weusi wa Tuskegee wakiliwa na kaswende bila kuwatibu, hata penisilini ilipokuwa imepatikana. Kano, Nigeria, mwaka 1996, watoto walipewa dawa ya majaribio wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, na kesi za ridhaa ya wazazi zikaendelea mahakamani kwa miaka. Anayekwambia usiogope bila kuyataja haya hakuheshimu.

Sasa upande wa pili. Sehemu kubwa ya majaribio ya awamu ya kwanza duniani hufanywa Ulaya, Marekani na Asia, kwa watu wa huko. Kinachotupata sisi zaidi ni kinyume: kumeza dawa ambazo hazikupimwa kwenye miili yetu. Efavirenz, dawa ya VVU iliyotumika hapa kwa miaka mingi, ni mfano mzuri. Waganda wengi wana aina ya jeni inayofanya ini liivunje dawa hiyo polepole, kwa hiyo dozi ile ile iliyowekwa kwingine iliwaachia dawa nyingi kichwani, na ndoto za kutisha na kizunguzungu vikafuata. Hilo halikuonekana mpaka watu wa hapa walipopimwa damu saa kwa saa. Tena Ebola ya Sudan huwezi kuijaribia chanjo Uswisi.

Swali ambalo mimi ningeliuliza kwa sauti zaidi ni hili: dawa ikifaulu, sisi tutaipata lini na kwa bei gani? Mtafiti mzuri anakuwa na jibu, na kamati ya maadili inapaswa kumwuliza kabla yako.

Nani anaruhusu jaribio kuanza?

Hakuna mlango mmoja. Kwanza itifaki inapita kwenye kamati ya maadili ya utafiti. Ziko zaidi ya 20 nchini, katika vyuo vikuu, hospitali na taasisi, na zimepewa kibali na Baraza la Kitaifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST. Ndani ya kamati hawakai madaktari watupu. Lazima awepo mtu wa kawaida anayeisemea jamii. Halafu UNCST yenyewe inausajili utafiti. Na kwa kuwa ni dawa, Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa, NDA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, inapitia usalama na ubora wa dawa, inatoa cheti cha jaribio na kibali cha kuiingiza dawa nchini, na wakaguzi wake wanaweza kufika kituoni kufungua mafaili.

Vituo vingi vina pia bodi ya ushauri ya jamii. Wajumbe ni watu wa mtaani: mama wa sokoni, shehe, mchungaji, mwendesha boda. Bodi hizi hazina nguvu ya kisheria ya kuzuia jaribio, lakini nimeona fomu zikiandikwa upya kwa sababu yao, na mara nyingi kosa lilikuwa dogo ambalo profesa asingeliona, kama kupanga siku ya kliniki iangukie siku ya gulio.

Fomu ya ridhaa ina nini, na kama sijui kusoma?

Inapaswa kueleza lengo la utafiti, mambo utakayofanyiwa, hatari zinazojulikana, faida kama zipo, matibabu mengine unayoweza kuchagua, malipo ukidhurika, na namba za simu mbili: ya mtafiti mkuu na ya mwenyekiti wa kamati ya maadili. Hiyo ya pili ndiyo ya muhimu. Ni ya kumlalamikia mtafiti kwa mtu asiyemwajiri.

Tazama kila ukurasa. Utakuta muhuri wa kamati wenye tarehe ya kuidhinishwa na tarehe ya kuisha. Fomu isiyo na muhuri, au iliyopitwa na tarehe, usiitie sahihi.

Fomu lazima iwe kwa lugha unayoielewa. Luganda, Runyankore na Acholi ni za kawaida. Kiswahili kipo pale utafiti unapowahusu wanaokitumia, na tafsiri nayo huidhinishwa na kamati. Ukipewa ya Luganda na wewe ni wa Bukavu, kule Kongo, omba ya Kiswahili au uondoke. Asiyejua kusoma husomewa yote mbele ya shahidi asiye wa upande wa watafiti, aliyekaa mwanzo hadi mwisho. Yeye anaweka dole gumba, shahidi anatia sahihi. Shahidi aliyeitwa mwishoni kuweka sahihi tu hana maana.

Kwa umri, mtu mzima ni miaka 18. Mtoto wa miaka 8 na kuendelea huombwa kukubali mwenyewe, juu ya ruhusa ya mzazi. Msichana wa chini ya 18 aliyeolewa, mjamzito au mwenye mtoto, au kijana anayejitegemea, mwongozo wa UNCST wa 2014 unamruhusu kujitolea ridhaa mwenyewe.

Na usitie sahihi siku hiyo hiyo kama moyo unasita. Nenda nayo nyumbani.

Nitalipwa?

Utarudishiwa nauli na kufidiwa muda wako, kiasi kilichopitishwa na kamati. Si mshahara. Kamati huangalia kiasi kisiwe kikubwa hadi mtu akafunga macho kwa hatari, wala kisiwe kidogo hadi mshiriki akajigharamia. Mpaka huo hauko wazi, na mimi naona wakati mwingine wanakosea kwa kuwapunja: mwendesha boda anayekaa kituoni saa 24 amepoteza mapato ya siku nzima, si nauli tu.

Wapo wanaozunguka vituo, leo jaribio hili kesho lile, kwa ajili ya pesa. Ni hatari. Dawa mbili za majaribio zikikutana mwilini hakuna anayejua zitafanya nini. Ndiyo maana vituo vingine hupima alama za vidole.

Plasebo si udanganyifu?

Ingekuwa udanganyifu kama usingeambiwa. Fomu inasema wazi kwamba unaweza kuipata. Lakini ukiwa na ugonjwa mkubwa wenye dawa inayofanya kazi, hairuhusiwi kukunyima dawa hiyo ili ulinganishwe na plasebo.

Naweza kujitoa katikati?

Ndiyo, siku yoyote, bila kueleza sababu, na matibabu yako ya kawaida hospitalini hayaguswi. Waarifu tu, ili wakupime kwa mara ya mwisho.

Nikidhurika je?

Utatibiwa kwa gharama ya jaribio. NDA hudai bima ya washiriki kabla ya kuruhusu kazi ianze. Omba uonyeshwe sehemu yake kwenye fomu. Kwa kanuni za kimataifa, madhara yasiyotarajiwa yanayodhaniwa yametokana na dawa, yakiua au kutishia uhai, yanaripotiwa kwa wasimamizi ndani ya siku 7, na mengine makubwa ndani ya siku 15. Juu ya hapo, majaribio makubwa huwa na kamati huru ya kusimamia usalama, ambayo inaruhusiwa kuona nani yuko kundi gani wakati kazi inaendelea.

Nikipata mimba?

Majaribio ya mwanzo mengi humtaka mwanamke atumie uzazi wa mpango, na mimba ikiingia anaachishwa dawa, ila anaendelea kufuatiliwa hadi mtoto azaliwe. Ubaya wa tahadhari hii ni kwamba wajawazito hubaki nyuma, wakimeza dawa ambazo hakuna aliyezipima kwao. Kampala na Cape Town zilisaidia kupunguza pengo hilo kwa jaribio la DolPHIN-1, lililoingiza wanawake 60 wenye VVU walioanza dawa katika miezi ya mwisho ya mimba, na kupima dolutegravir, dawa ya VVU, kwenye damu ya wale walioipata.

Damu yangu inauzwa?

Hapana. Chupa moja hubeba mililita chache, na jumla ya siku nzima ya awamu ya kwanza kwa kawaida haifikii ile unayotoa ukichangia damu. Sampuli ikisafiri nje ya nchi lazima kuwe na mkataba wa kuhamisha sampuli ulioidhinishwa. Jina lako halisafiri nayo, inakwenda na namba. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakuhusu hapa pia. Fomu ikikuuliza kama sampuli zinaweza kutunzwa kwa tafiti za baadaye, hilo ni swali la peke yake. Unaweza kukataa hilo na bado ukashiriki mengine.

Dawa ikifaulu, inaidhinishwaje?

Kampuni hukusanya kila kitu, kuanzia panya wa kwanza hadi mshiriki wa mwisho wa awamu ya tatu pamoja na jinsi kidonge kinavyotengenezwa, katika faili la sehemu tano lenye mpangilio unaofanana karibu dunia nzima. Wasimamizi hulipitia, mara nyingine wakirudia hesabu wenyewe, na hukagua kiwanda. FDA hujiwekea lengo la miezi 10 kwa faili la kawaida na 6 kwa la haraka.

Kibali cha Marekani hakifungui duka la dawa la Wandegeya. NDA inatoa usajili wake. Inaweza kuegemea tathmini ya Shirika la Afya Duniani au ile ya pamoja ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, isianze upya kila kitu, lakini uamuzi ni wake.

Lenacapavir ni mfano wa karibu. Ni sindano ya mara mbili kwa mwaka ya kuzuia VVU. Jaribio lake moja la awamu ya tatu lilifanyika kwa wasichana na wanawake vijana wa Afrika Kusini na Uganda, umri wa miaka 16 hadi 25, zaidi ya 5,300. Kati ya 2,134 waliopata sindano hakuambukizwa hata mmoja. Kati ya 1,068 waliomeza vidonge vya kawaida waliambukizwa 16. Matokeo yalitangazwa Juni 2024. FDA iliidhinisha Juni 2025, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza mwezi uliofuata. Dozi ya dawa hiyo, na ule ujuzi kwamba inakaa mwilini miezi sita, vilitoka kwenye majaribio madogo ya mwanzo ambayo hayakutangazwa na redio yoyote.

Na ikifeli?

Jaribio linasimamishwa, na washiriki wanapaswa kuambiwa mapema. Mwishoni mwa 2023, PrEPVacc, jaribio la chanjo za VVU lililokuwa Masaka, Tanzania na Afrika Kusini, lilisitisha chanjo baada ya kamati huru kuona hakuna tumaini la kuzuia maambukizi. Waliochanjwa waliitwa wakaelezwa, wakaendelea kufuatiliwa.

Ikishasajiliwa, uchunguzi umekwisha?

Hapana. Madhara yanayompata mtu mmoja kati ya elfu kumi hayaonekani kwa washiriki elfu tatu. Rofecoxib, dawa ya maumivu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1999, iliondolewa sokoni 2004 baada ya kubainika inaongeza mshtuko wa moyo. Ukipata madhara ya dawa yoyote, hata ya kawaida, mwambie mfamasia au uiripoti NDA.

Inachukua miaka mingapi?

Kumi hadi kumi na mitano, kutoka maabara hadi dukani. Chanjo za korona zilikimbia kwa sababu teknolojia ilikuwepo, fedha hazikukosekana, na awamu zilipandanishwa.

Nitajuaje kama jaribio nililoalikwa ni la kweli?

Omba mambo matatu: barua ya kamati ya maadili, namba ya usajili ya UNCST, na cheti cha NDA. Kituo halali hakinuni ukiuliza. Vingi vimeyabandika ukutani. Kisha mwombe kijana mwenye simu akutafutie jina la utafiti kwenye Rejista ya Majaribio ya Kitabibu ya Afrika, au kwenye ile ya Marekani iitwayo ClinicalTrials.gov. Zote ni bure. Utaona mfadhili, idadi ya washiriki wanaotakiwa, awamu, na tarehe ya kuanza. Kama uliambiwa ni awamu ya tatu na rejista inasema ya kwanza, rudi ukaulize kabla ya kunyoosha mkono. Na ukitakiwa kulipa hata shilingi moja ili uandikishwe, toa taarifa polisi na NDA, maana hakuna jaribio halali linalomtoza mshiriki ada.